Mwenyekiti wa Siku ya Mudiria

Katika Maskati yote hakuna aliyewahi kunikosoa mapema kama Mwenyekiti. Mimi na mume wangu tulikuwa tumefika Matrah kutoka Unguja asubuhi ile ile, mwaka 1964, na kila tulichonacho kimo ndani ya sanduku moja na mafurushi ya kanga. Tumeingia uani mwa nyumba tuliyopewa chumba, natafuta pa kukaa kitako, mara akatoka chumba cha pili mzee mrefu, amevaa koti jeusi juu ya kanzu kwenye joto lile la kuoka mkate. Hata salamu yangu hajaijibu sawasawa, akanionyesha sanduku.

"Haliwekwi hapo mlangoni, mwanangu. Wageni watapita wapi?"

"Wageni gani?"

"Wa siku ya mudiria," akasema, kama mtu anayeulizwa Idi ni nini.

Siku yenyewe ilikuwa bado miezi mingi. Sanduku nililiondoa, kwa sababu nilikuwa nimechoka, na pia kwa sababu alikuwa na sauti ambayo ukiisikia mguu unatangulia kutii kabla ya wewe kukubali. Toka siku ile mpaka tunahama nyumba ile, yeye alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, na sikumsikia mtu akimwita kwa jina lake. Alikuwa Mwenyekiti, basi.

Ukoo wake alinieleza mara nyingi, mpaka kwa babu aliyetoka Oman akaenda Pemba kulima karafuu, lakini mimi masikio yangu yalikuwa kwenye chungu changu. Nilichoshika ni koti lile, sauti ile, na siku yake. Kwa asiyejua, zamani Unguja na Pemba zilikuwa zimegawanywa katika mudiria, na kila mudiria ina mudiri wake, ndiye mkubwa wa serikali wa sehemu ile. Mudiria yao, huko kaskazini ya Pemba, ilikuwa na siku moja kila mwaka ya kukumbuka ilivyowekwa. Watoto wa skuli walipita na bendera za karatasi, mudiri akahutubu, watu wakala pilau, na alasiri ukachezwa mchezo wa ng'ombe. Aliyeyashika mambo yote hayo ni mwenyekiti wa kamati, naye ndiye huyu. Yalipokuja mapinduzi, mudiria zikafutwa, kamati ikatawanyika, na yeye akatorokea Maskati na cheo chake.

Kazi aliyoipata Matrah ilikuwa ya kusimamia magunia ya ndimu kavu kwenye ghala la tajiri mmoja. Wachukuzi wa pale walikuwa Mabalushi, watu wa nguvu na kelele, waliozoea kugombania gunia. Mwenyekiti aliwapanga mstari. Hajui neno la Kibalushi, na Kiarabu chake cha sokoni nitakisema baadaye, lakini aliwapanga, na wao wakampanga yeye: wakamwita Rais. Mume wangu akipita ghalani alirudi nyumbani anacheka mpaka machozi, ananionyesha vile Rais anavyomnyooshea mkono mchukuzi wa nyuma kumwambia zamu yake bado.

Popote palipokuwa na watu zaidi ya wawili yeye aliendesha mkutano. Kwenye kahawa ya jioni, mtu akidakia maneno ya mwenzake, utasikia, "Ngoja, ngoja, mwenzako hajamaliza." Neno lake lilikuwa "Kwanza utaratibu." Alilisema kwa muuza maji aliyeleta punda mpaka katikati ya ua, akalisema kwa kadhi, na siku nilipojifungua mwanangu wa kwanza alilisema kwangu. Wanawake wamejaa chumbani, kila mmoja ana jina lake la kumpa mtoto, na sauti ya Mwenyekiti ikatoka nje ya pazia: "Jamani, kwanza utaratibu. Aanze bibi yake." Nilikuwa na maumivu, lakini nilicheka. Na kweli alianza bibi, mama mkwe wangu, aliyekuwa ameshatufuata.

Sisi watu wa mjini Unguja tulizoea kuwatania Wapemba, na Mwenyekiti alikuwa ametuletea utani wa dezo. Nikimwuliza, "Ehe, na mudiria yenu ilianzaje?" anaweka kikombe chini, anafunga vifungo vya koti, anahadithia. Mwaka wa kwanza aliniambia mudiri wa mwanzo alikuja amepanda punda mweupe. Mwaka wa pili mudiri alikuja kwa miguu, viatu mkononi, kwa sababu ya tope. Mwaka mwingine hakuja kabisa, ila watu wenyewe walikwenda mpaka Chake wakamwomba. Mimi nikamwambia, "Mwenyekiti, punda yuko wapi leo?" Akanitazama. "Punda hakuhusu leo, mwanangu. Leo nasimulia habari za tope." Mtu yule yule ambaye ukimkawizia chakula kidogo atakununia siku nzima kwa kukosa utaratibu, alikuwa na mwanzo wa mudiria kwa kila mwaka, na yote aliiamini.

Alikuwa mwoga wa amri. Maskati ya miaka ile ilikuwa na amri nyingi: milango ya mji ikifungwa mapema, kutembea bila taa usiku ni kosa, ngoma haipigwi, na watu wengi kukusanyika kunatazamwa kwa jicho baya. Mwenyekiti alizifuata zote na akazidisha za kwake. Alitembea na fanusi hata mwezi ukiwa mpevu, akaiwasha kabla jua halijazama. Lakini siku ya mudiria ikikaribia woga wote ulimtoka. Kuna mwaka alitaka mchezo wa ng'ombe. Ng'ombe hakuna, na angekuwepo, nani angemruhusu? Akanunua mbuzi. Akawachukua Wapemba wenzake mpaka Wadi Kabir, wakati huo kuna visima na mawe tu, wakamfunga mbuzi kamba ndefu, na wanaume wazima wenye ndevu wakamchezea mbuzi yule kanzu zao kama wanavyomchezea fahali kwao. Mbuzi akalala chini. Akatokea askari, na mume wangu, aliyekwenda kutazama kichekesho, akajua leo wanalala ndani.

Askari akauliza kwa Kiarabu wanafanya nini. Mwenyekiti akafunga koti akamjibu kwa Kiswahili, hotuba nzima, toka bendera za karatasi mpaka pilau. Yule askari, kumbe mama yake aliwahi kukaa Unguja, alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na huyu mbuzi mtamla?" Walimla pamoja naye. Mwenyekiti aliirudia habari ile miaka yote kama ushahidi kwamba hata serikali ya Oman imeitambua siku ya mudiria.

Ilikuwa rahisi kumcheka, na mimi nilimcheka sana. Lakini kuna mambo ya mtu yule yalikuwa yakinitia uchungu hata wakati ule. Alikuwa akisoma Kurani vizuri mpaka watu wa msikitini wakinyamaza kumsikiliza, na akitoka msikitini hataki kusema Kiarabu na mtu. Sokoni alisema Kiswahili kwa nguvu, muuza samaki asipofahamu, akaongeza nguvu. Nikamwambia, "Mwenyekiti, jifunze basi, watoto wadogo wamejifunza." Akasema, "Mimi n'napita tu hapa." Alilala juu ya mkeka. Mume wangu alimletea godoro la pamba, zuri, akalirudisha. "Godoro la mtu anayekaa," akasema. "Nikishalala kwenye godoro, nani atanambia nyanyuka twende?" Tende akisema ni chakula cha mgonjwa, ingawa mimi nilimkuta zaidi ya mara moja anazila, na mbegu amezitia mfukoni mwa koti.

Alikuwa na mke. Kwenye mazungumzo alimwita mwenye nyumba. Mwenye nyumba anapenda pilipili ya kutwanga, mwenye nyumba hana mchezo na mtoto anayekanyaga mkeka na viatu, mwenye nyumba anaimba akipepeta mchele na ukimwambia anaimba atakataa. Watoto hawakujaaliwa. Alipotoroka yeye, mkewe alibaki Pemba, na mwanzoni sote tulidhani amebaki kwa sababu njia ilikuwa ya hatari na mwanamke atafuata baadaye. Wangapi waume zao walitangulia, wao wakafuata.

Sababu yenyewe niliijua siku alipokuja binamu yake wa Baushar. Alikuwa mtoto wa ammi yake, mwenye mashamba ya mitende na maji ya falaji, mifereji ya kumwagilia, kule, aliyekulia Pemba kidogo na Kiswahili chake ni cha huko huko. Alikuja na punda wawili wamebeba tende na habari njema: amekwenda kwa wakubwa, ameipata ruhusa ya mke wa Mwenyekiti kuingia Maskati. Na siku zile ruhusa ilikuwa haipatikani ovyo. Mimi nilikuwa nawatilia kahawa.

"Watu wa Mombasa watampokea," akasema binamu. "Meli ipo. Wewe sema ndiyo tu."

Mwenyekiti akaweka kikombe chini. "Na nyumba nimwachie nani?"

"Nyumba ina miguu? Itakimbia?"

"Siku ya mudiria nyumba ya mwenyekiti haifungwi. Toka alfajiri mpaka magharibi mlango u wazi, chungu cha kwanza kinapikwa pale, anayepita anakula. Ndiyo desturi. Nyumba ikifungwa siku ile, uwenyekiti unakwenda nyumba ya pili. Unajua hayo, umekulia kule."

"Siku gani, ndugu yangu? Mudiria zimefutwa!"

"Zimefutwa na watu. Watu watazirudisha. Wakirudisha wakikuta nyumba imefungwa, tutaanzia wapi?"

Binamu akanigeukia mimi kana kwamba mimi ndiye kadhi. "Unamsikia huyu? Mkewe, wallahi, mkewe. Anamlindisha mlango."

"Amekubali mwenyewe," akasema Mwenyekiti. "Nilipotoka nilimwambia, weka nyumba wazi kwa ajili yangu. Akasema, nitaiweka."

Binamu yule aliondoka bila kumaliza kahawa. Ruhusa ikalala mpaka ikapitwa na wakati. Mimi sikujizuia, sikuwa na umri wa kumwambia mzee maneno yale lakini nilimwambia. "Mwenyekiti, kiti kitu gani? Mwanamke yuko peke yake kule, na wewe uko peke yako hapa, unalala juu ya mkeka." Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Aliniambia kwa upole, "Nyinyi watu wa mjini hamna mudiria, mwanangu. Hamwezi kufahamu." Akaingia chumbani kwake akanisomea Yasin kwa sauti, maana yake nisimjie.

Nilimkasirikia, na bado namkasirikia kidogo nikiandika haya. Si kwamba hakumpenda. Kila mwaka, siku ya mudiria ikishapita, alianza kuzunguka bandarini kuuliza nani ametoka Pemba, nani ametoka Mombasa na amekutana na aliyetoka Pemba. Akimpata mtu wa kwao anamkalisha, anampa chai, hamwulizi karafuu wala vita wala nani amekufa. Anauliza, "Mwenye nyumba hajambo? Mlango ulikuwa wazi?" Na jibu likaja kila mwaka lile lile: hajambo, anakusalimu, mlango ulikuwa wazi toka alfajiri. Basi usoni anakuwa mtu mwingine. Anakuja kutwambia, mume wangu na mimi, "Mwaka huu pia." Kisha wiki nzima hamkosoi mtu.

Hotuba yake ya kila mwaka aliitoa chumbani mwake, mlango wazi kama desturi, kwa Wapemba waliokusanyika. Mwanzoni chumba kilijaa mpaka wengine wakikaa uani kwangu, wakinimalizia maji. Kila mwaka wakapungua. Mmoja amepata kazi Bahrain, mwingine ameoa mtoto wa Sur na mkewe hataki habari za Pemba, mwingine amechoka tu. Mwenyekiti alihutubu vile vile, kwa sauti ile ile ya kiwanja, na mimi upande wa pili wa ukuta nikasikia namna sauti inavyozidi kurudi kwa sababu watu wa kuinyonya ni wachache. Nilimhurumia mpaka nikawa nampelekea watoto wangu wakae mstari wa mbele, nikiwahonga halua.

Mwaka 1970 mambo ya Oman yalibadilika. Akaingia mtawala mpya, amri zile zikaondoka moja moja, na watu wetu walioko nje wakaanza kuitwa waje, wenye kusoma, wenye ufundi, na wenye jamaa tu. Mume wangu alipata kazi nzuri serikalini, tukahamia Darsait, nyumba yenye vyumba vya kutosha na kisima chake. Kuondoka kwenye ukuta wa Mwenyekiti kuliniuma kuliko nilivyotarajia. Siku moja akaja kwa miguu kutoka Matrah, koti lile lile, jasho linamtiririka, akakaa, akanywa maji, akanyamaza. Mwenyekiti kunyamaza! Nikadhani mgonjwa.

"Mwanangu," akasema mwisho, "godoro zuri linauzwa wapi?"

Nikafikiri nimesikia vibaya. Akaendelea: "La kulalia watu wawili. Nimempelekea mwenye nyumba ujumbe. Nimemwambia aje."

"Na nyumba?"

"Aifunge."

"Na uwenyekiti?"

Alitazama viatu vyake. "Mwaka huu nimehutubia wanao na binamu yangu wa Baushar, aliyekuja kunitazama kwa huruma. Uwenyekiti na wende. Nimekawia. Wewe uliniambia, na yeye aliniambia, na mimi nikakawia."

Nilikwenda naye sokoni mwenyewe. Alichagua godoro kwa taabu, akilibonyeza kila upande, akimuuliza muuzaji mambo kwa Kiarabu. Ndiyo, kwa Kiarabu, kilichovunjika na kuungwa, lakini Kiarabu. Akakodi chumba kikubwa zaidi, akakipaka chokaa, akanunua kinu cha kutwangia pilipili. Majirani wakamcheka kama bwana harusi na yeye akakubali kuchekwa.

Jawabu lilifika kabla mwaka haujakwisha, nalo lilikuja nyumbani kwangu. Walifikia kwetu watu wengi siku zile kwa sababu tulikuwa na nafasi, na mmoja alikuwa bibi wa makamo wa kule kule kwa Mwenyekiti, jirani yao wa zamani, aliyepitia Mombasa. Nikamtuma mtu Matrah. Mwenyekiti alifika upesi sana, nadhani hakutembea, alikimbia. Akamsalimu bibi yule, akafunga kifungo cha koti.

"Mwenye nyumba hajambo? Anakuja lini?"

Bibi akaniangalia mimi kwanza. Hapo hapo nikajua.

"Mwenyekiti," akasema, "mwenzako ametangulia. Masika haya yaliyopita. Homa, haikukaa sana. Ujumbe wako umefika tumeshamzika."

Akasema inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, akakaa chini, si kitini, chini kabisa. Tukamwacha. Kisha akauliza, "Nyumba nani anaitazama?"

Nilitaka kumpigia kelele. Lakini bibi yule hakukasirika. Alikuwa na kitu cha kusema na alikuwa amekibeba safari nzima.

"Nyumba ipi, Mwenyekiti? Nyumba yako ilichukuliwa mwaka ule ule ulioondoka. Wamo watu wengine. Mwenzako alihamia kwa dada yake, shamba."

"Mbona kila mwaka n'kiletewa salamu? Mlango u wazi, mlango u wazi."

"Alitusihi. Kila aliyesafiri alimkamata mkono akamsihi. Akisema, mume wangu hana kitu kingine kule, msimnyang'anye na hicho. Akija mwenyewe ataona."

Mume wangu alitoka nje. Mimi nilikaa. Nikawaona wote wawili kwa wakati mmoja, huyu hamleti kwa sababu ya nyumba, na yule haombi kuja kwa sababu ya huyu, na nyumba yenyewe wanalala watu wengine toka mwanzo. Miaka yote ile. Na ruhusa ilikuwa imeshapatikana, na kahawa niliitia mimi kwa mkono wangu.

Mwenyekiti alivua koti. Sikuwahi kumwona bila koti. Mabega yake yalikuwa madogo kuliko nilivyodhani.

"Bi," akamwambia yule mgeni, "mimi kila n'kimkumbuka nilimwona pale nyumbani kwetu. Asubuhi barazani, jioni jikoni. Kumbe hakuwepo. Sasa nimwone wapi? Nieleze chumba alichokuwamo."

Bibi akamweleza. Chumba cha nyuma, kidogo. Kitanda cha kamba. Mtungi wa maji pembeni, mswala ukutani. Akisita, Mwenyekiti anasema, "Endelea, bi," taratibu, kama anayempa zamu. Akafumba macho, akasikiliza, na hakumkosoa neno lolote.

"Dirisha?"

"Moja. Linatazama uwanja wa kuanikia karafuu, upande wa matlai."

Akafumbua macho. "Jua la asubuhi likiingia, basi."

"Likiingia mpaka kitandani."

"Jua la asubuhi hawezi. Linamuumiza kichwa, toka usichana wake. Mimi nikitundika kanga dirishani kabla sijakwenda msikitini." Akamtazama bibi yule, akanitazama na mimi. "Nani alikuwa akimtundikia kanga?"